Baiskeli ya Mtu Mwingine

Fedha ya nyumba yetu ina wenyewe wawili, ila mfuko ni mmoja, na mfuko huo unalala ndani ya sanduku langu. Ndiyo maana Baba watoto alipotaka baiskeli ya resi ilimlazimu aje kwangu na hoja. Hoja yake ilitokea Kigali.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Rwanda, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Kwa wiki nzima televisheni ya sebuleni ilitekwa. Watoto wakakosa katuni, mimi nikapitwa na tamthilia yangu ya Kituruki pale pale ambapo mama mkwe wa mle ndani alikuwa karibu kuumbuliwa. Siku ya mwisho wanaume walipanda na kushuka vilima vya Kigali kwa kilomita 267.5, Mslovenia Tadej Pogačar akawatoroka wenzake mapema, akafika peke yake. Baba watoto, ambaye tangu tuoane sijamwona akikimbia hata kuwahi daladala, alisimama katikati ya sebule akapiga makofi.

"Mama watoto," akasema, "daktari si alisema nifanye mazoezi?"

Alisema. Presha yake ilikuwa imeanza kupanda, na karatasi ya kliniki ilikuwa imebandikwa na mimi mwenyewe kwenye mlango wa friji. Kwa hiyo sikuwa na pa kukatalia. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, nikatenga laki nne na nusu, nikaweka sharti: ndani ya fedha hiyo iwemo kofia ngumu, pampu, kufuli, taa ya nyuma na tyubu ya akiba. Baiskeli yenyewe isizidi laki tatu.

Akaniambia sielewi. Mtu ananunua kwanza kitu, vidude vinakuja baadaye. Huo ukawa ugomvi wetu wa kwanza kuhusu baiskeli, kabla baiskeli haijaingia ndani.

Siku hizo mama mkwe alikuwa kwetu Tabata, amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Wageni wa Dar es Salaam wanaomwona bibi wa miaka sabini na kitu, na baibui lake na tasbihi mkononi, hawawezi kumdhania mtaalamu wa baiskeli. Tanga, hata hivyo, ni mji mwingine. Kule ni tambarare, na baiskeli haiangalii umri wala haina habari na mwanamume wala mwanamke. Wanawake wanaendea sokoni, mashambani, hata msibani. Mama mkwe amekulia Ngamiani juu ya Phoenix, ile nyeusi nzito ya Kichina yenye keria nyuma, akabeba juu yake nazi, magunia ya mkaa na watoto wake wote, Baba watoto akiwemo. Alisikiliza mjadala wetu hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Mguu wako ni mrefu kiasi gani?"

Baba watoto akacheka. Akadhani ni utani wa wazee.

Binti yetu wa Kidato cha Pili ndiye aliyelishika swali hilo. Alisoma mahali namna wanavyopima: mtu anasimama bila viatu, mgongo umegusa ukuta, anabana kitabu kigumu katikati ya mapaja na kukisukuma juu kadiri kinavyokwenda, halafu inapimwa kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Urefu huo ukizidishwa kwa 0.67 unapata makadirio ya kipimo cha fremu ya baiskeli ya resi kwa sentimita. Kitabu kilikuwa cha Hisabati. Baba watoto akasimama ukutani kwa bukta, kitabu pale kilipo, binti na futi yangu ya kushonea chini, na wakati huo huo balozi wa nyumba kumi akabisha hodi akaingia na daftari la michango. Hakuuliza kitu. Alipokea mchango akaondoka, na mpaka leo akikutana na mume wangu anamwita mwalimu.

Jibu lilikuwa sentimita 76. Kwa hesabu ya binti, fremu ya 51. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Nami nikaiandika kwenye daftari langu la matumizi.

Kariakoo walikwenda wawili, baba na binti. Baiskeli za mtumba kule hupangwa nje ya maduka mpaka zinakula njia, nyingi zimeshuka kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya, na kabla hujafika kwenye duka lolote umeshashikwa mkono na winga. Winga hana duka wala mzigo; mtaji wake ni mdomo na kasi ya miguu. Aliyewapata alimpima mume wangu kwa jicho mara moja, akaona tumbo, akaona saa, akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye baiskeli nyeusi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume.

"Mzee, hii kaboni tupu. Wazungu wanaitumia hii. Laki nne, kwa sababu ni wewe."

Binti akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Akaisogeza kwenye fremu. Tap! Ikaganda. Kaboni haishikwi na sumaku, wala aluminiamu haishikwi. Kinachoshikwa ni chuma. Neno la kaboni lilikuwa stika.

"Kaboni za siku hizi zinashika," akasema winga.

Hapa nitie langu. Chuma si aibu. Kwa mtu wa kipato chetu anayenunua baiskeli iliyokwishatumika na watu asiowajua, fremu nzuri ya chuma ni salama kuliko kaboni ya bei poa, maana kaboni ikishapigwa mahali ndani ya kontena inaweza kuficha ufa chini ya rangi, na fremu ikavunjika siku unashuka kilima. Chuma kikipinda unakiona. Kosa la ile baiskeli lilikuwa kuuzwa kwa jina lisilo lake, na bei ya jina hilo.

Walirudi mikono mitupu, lakini Baba watoto alirudi na ugonjwa. Usiku akawa halali, anaangalia simu chini ya shuka. Akajifunza ngazi zote za Shimano, ile kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1921: Claris ni sahani 8 za meno kwenye gurudumu la nyuma, Sora 9, Tiagra 10, halafu ile wanayoiita 105, yenye 11 na baadaye 12. Kila usiku alipanda ngazi moja. Alipofika kwenye sahani 11 mbele ya chai ya asubuhi, mama mkwe akamuuliza gia zote hizo ni za kwenda wapi.

"Za milima, mama."

"Tabata kuna mlima gani?"

Alikuwa na hoja kuliko alivyojua. Sahani zikizidi, mnyororo unazidi kuwa mwembamba na bei yake inapanda, na ukikatika fundi wa mtaani hana wa kukupa. Wa sahani 6, 7 au 8 unapatikana kirahisi zaidi na unavumilia vumbi letu. Binti alimweleza baba yake hayo yote. Baba yake akamwambia akafanye homuwek.

Kisha, Jumamosi moja, nikiwa kwenye shughuli ya jirani, bodaboda ikasimama nje ya geti letu ikiwa na abiria aliyekumbatia baiskeli.

Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyekundu, ya aluminiamu, imetoka Ulaya, nyaya zake zote zimefichwa ndani ya fremu, Tiagra mbele na nyuma. Aliipata kwa laki nne na elfu kumi baada ya kuvutana sana, na alijipongeza kwa yale maelfu aliyopunguziwa. Kofia ngumu hakuna. Pampu hakuna. Kufuli ameahidiwa. Mama mkwe akatoka barazani, akaizunguka, akainama na miwani yake mipya, akasoma namba chini ya siti.

"Sitini," akasema. "Hii baiskeli ni ya mtu mwingine."

Wazungu wa kaskazini ni warefu, na Waholanzi wamo miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani. Baiskeli zao za mtumba nazo huja na urefu wao. Mume wangu aliposimama na kuipanua miguu juu ya lile bomba la juu, visigino vilining'inia hewani na uso wake ukabadilika rangi. Akasema siti itashushwa. Siti ikashushwa mpaka mwisho, lakini bomba la juu halishuki, wala usukani hausogei karibu. Akiukamata usukani analala kifudifudi, akijinyanyua hawezi kuishika breki.

Hakushindwa. Aligundua kwamba akiisimamisha baiskeli kando ya baraza letu, anaweza kupandia kutoka kwenye ngazi. Tatizo likabaki kwenye kushuka, na suluhisho lake likawa kusimama penye ukuta, nguzo au ngazi ya mtu tu. Safari zake zote akazipanga kwa kuta. Alizijua nguzo za umeme za Tabata kuliko shirika lenyewe. Barabara ya Mandela, yenye malori ya bandarini, tulimkataza sote kwa sauti moja, mpaka mtoto wa chekechea.

Asubuhi ya kwanza alifika kwenye tuta karibu na kituo, bajaji ikamkatia mbele. Ukuta hakuna. Nguzo iko ng'ambo. Kilichokuwa karibu ni meza ya mama wa vitumbua. Akaishika. Meza nayo ikamfuata.

Nililipa elfu kumi na mbili za vitumbua, nikaandika kwenye daftari. Yule mama alikuwa mwungwana, akamfutia vumbi, akamfungia vile vilivyopona kwenye gazeti. Ila wakati mume wangu akiikokota kurudi nyumbani baiskeli ilikanyaga chupa, na tairi la nyuma likachanika ubavuni. Hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanza.

Fundi wetu anakaa chini ya mkungu nyuma ya msikiti. Ni mtu mstaarabu, amewazibia pancha watoto wetu wote.

"Tairi la ngapi?"

Mume wangu akasoma ubavuni: 28 x 1.00.

"Ishirini na nane ninazo," akasema fundi, akaangua moja kwenye msumari. Elfu kumi na nne. Lile tairi lilikuwa la Phoenix, 28 x 1½, la ile ile aliyoipanda mama mkwe Ngamiani. Fundi akalivisha, likaingia kwa ulaini uliowafurahisha wote wawili, jambo ambalo lingepaswa kuwatisha. Akajaza upepo. Ubavu mmoja ukavimba, tyubu ikachungulia nje, ikatoka zaidi, kisha ikapasuka kwa kishindo kilichowatawanya kuku wa mtaa na kumtoa imamu msikitini.

Fundi alipoinuka akaikagua ringi kwa muda mrefu. "Bosi," akasema, "ringi yako imenywea."

Binti ndiye aliyesoma maandishi madogo. Kila tairi la siku hizi lina namba nyingine karibu na ile kubwa. La zamani lilisema 25-622. Lile jipya 40-635. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa juu ya ringi, nayo haina mjadala. Yote mawili yanaitwa ishirini na nane, lakini moja limemzidi mwenzake milimita 13, na milimita hizo zinatosha kulitoa nje. Kuna na baiskeli za resi za zamani za inchi 27, hizo ni 630, hazikubali hili wala lile. Za kike za Kijapani zenye kikapu mbele nyingi ni 590. Mtu akikuuliza saizi ya tairi ukamjibu inchi peke yake, hujamwambia kitu.

Basi Baba watoto akaenda Kariakoo akiwa ameandika 622 kwenye kiganja. Akarudi na tairi la 38-622. Kipenyo sawasawa! Likakaa kwenye ringi vizuri, akashangilia, akaenda kulirudisha gurudumu mahali pake: halipiti kwenye breki. Breki za resi za kubana zimeachiwa nafasi ndogo, tairi la milimita 25 au 28 ndilo linalopita, na hilo la 38 lilikuwa la baiskeli ya safari. Fundi akashauri watoe breki ya nyuma, kwani ya mbele si ipo?

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Breki ikitoka, na mimi natoka humu nikakate tiketi."

Breki ikabaki. Tairi la 25 likapatikana kwa kuagizia, elfu arobaini na tano, na tyubu yake elfu kumi na mbili. Tyubu hiyo ilikuja na mdomo mwembamba wenye kinati kichwani ambacho lazima ukilegeze kwanza. Pampu ya fundi, ya mguu, iliyojaza magurudumu ya mtaa mzima tangu tuhamie, haikuushika. Wakajaribu kwa kitambaa. Wakajaribu kwa mpira wa kandambili. Wakajaribu kwa dua, nadhani, maana imamu naye alikuwa amekaa pale anatazama. Kinachotakiwa ni kikofia kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya mdomo huo ili pampu ya kawaida ikubali. Elfu mbili tu, na duka la tatu ndilo lilikuwa nacho. Tairi jembamba lisipojazwa upepo wa kutosha, likigonga shimo ringi inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kwa hiyo huwezi kusema utaendesha hivyo hivyo.

Usiku huo nikafungua daftari mezani, chini ya taa. Baiskeli 410,000. Vitumbua 12,000. Tairi la Phoenix 14,000. Tairi nene 20,000. Tairi jembamba 45,000. Tyubu 12,000. Kikofia 2,000. Jumla 515,000. Tumevuka bajeti kwa 65,000, na kichwa cha mume wangu bado kiko wazi. Nikamsomea mstari kwa mstari. Alisema Pogačar naye hutumia fedha nyingi. Nikamkumbusha kwamba Pogačar analipwa.

Baiskeli ikahamia sebuleni kwa sababu ya wezi, na kwa kuwa ni ndefu, ikakaa mbele ya televisheni. Tamthilia yangu nikawa naitazama katikati ya spoku.

Mama mkwe alipomaliza matibabu akarudi Tanga. Hakusema kitu wakati wa kuaga zaidi ya kumwomba binti amwandikie namba mbili kwenye karatasi: 51 na 622. Baada ya muda akanipigia simu.

"Mwanangu, lipokeeni basi kesho Mbezi. Nimewatumia mzigo."

Mzigo ulishuka kwenye buti ya basi pale stendi ya Magufuli umefungwa maboksi na kamba za katani. Mpwa wa mama mkwe ni fundi Tanga, alikuwa ametafuta baiskeli akiwa na karatasi ile mkononi. Ya Kijapani, ya chuma (sumaku ya binti iliganda, safari hii tukafurahi), fremu 51, sahani mbili mbele na sita nyuma, vijiti vya kubadilishia gia viko kwenye bomba la chini na vinasogezwa kwa kuhisi tu, havina mashine ndani ya kuharibika. Tairi zake 28-622, breki zinazipitisha. Tyubu za mdomo mnene, ule unaokubali pampu ya kila mtu, maana mpwa alikuwa ameyapanua matundu ya ringi kwa kekee na tupa. Rangi ni zambarau iliyopauka. Laki moja na elfu tisini, pamoja na kofia ngumu ndani ya boksi. Nauli ya mzigo elfu kumi na tano. Mama mkwe alilipa mwenyewe, na mwanawe anadaiwa mpaka leo.

Baba watoto aliitazama akasema ni ya kike. Akaiacha uani. Binti akaanza kuendea dukani, akawa anarudi kabla maji ya chai hayajachemka. Kisha nikaanza kuamka alfajiri na kukuta upande wa pili wa kitanda uko mtupu na ile ya zambarau haipo uani. Huwa anarudi jua likichomoza, ametota jasho, anasema alikwenda kuswali. Msikiti uko nyuma ya nyumba.

Miguu yote miwili inafika chini. Ukuta haumhusu tena. Fundi wa chini ya mkungu anaweza kuihudumia yote, kasoro tairi, na tairi moja la akiba limetundikwa stoo, limeandikwa 622 kwa kalamu nzito.

Ile nyekundu bado iko mbele ya televisheni yangu. Inauzwa. Ni safi, imetembea kidogo sana, tairi la nyuma jipya, kikofia cha shaba kimo. Bei laki tatu na nusu, maelewano yapo, ila winga asije. Mnunuzi apime kwanza mguu wake na kitabu: kuanzia sentimita 90 karibu Tabata, chini ya hapo asituletee shida nyingine.